Jiko Linawaka, Vifaranga Wanakufa: Joto la Bruda Katika Baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Baridi ya Juni ikianza kuuma kuanzia Iringa mpaka Mbeya, wafugaji wa kuku hurudia malalamiko yaleyale. Jiko liliwaka usiku kucha, madirisha yalizibwa kwa magunia, chumba kilipata moto hadi mtu anavua sweta, na bado asubuhi vifaranga ishirini wamekutwa wamekufa. Jibu la haraka ni kwamba baridi imewaua. Wapo wanaouawa na baridi, tena ni wengi. Lakini vifo vya chumba kilichofungwa huku jiko likiwaka mara nyingi vina chanzo kingine, nacho ni hewa. Huku kwetu vifaranga wanahitaji joto jingi na hewa safi kwa wakati mmoja, na mahitaji hayo mawili yanavutana: ukiziba kila tundu joto linabaki na hewa inachafuka, ukifungua hewa inaingia na joto linatoka. Njia ya kuyapatanisha ipo na haihitaji fedha nyingi. Pasha joto pale vifaranga walipo, uache chumba kipumue.

Tuanze na kifaranga mwenyewe, maana mengi yanaeleweka ukimwelewa yeye. Kuku mkubwa hujitengenezea joto la mwili la nyuzi 41 hivi, nje kuwe na ukungu au jua. Kifaranga wa siku moja hana uwezo huo. Katika siku zake za mwanzo anaishi kama nyoka au mjusi: mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Ukimweka kwenye sakafu ya saruji yenye baridi hupoa kupitia miguu na tumbo, hata kama hewa ya juu yake ni ya moto. Uwezo wa kujitunzia joto hujengeka kidogo kidogo katika wiki mbili za kwanza, na manyoya ya kweli huchukua wiki nne hivi kumfunika vizuri. Yale manyoya laini anayoanguliwa nayo humsaidia kiasi tu, na yakilowa hayamsaidii kabisa.

Anapoanguliwa, tumboni mwake hubaki sehemu ya kiini cha yai. Hicho ndicho chakula chake cha siku mbili tatu za mwanzo, na ndicho kinachowezesha vifaranga kupandishwa basi Dar es Salaam wakafika Makambako wazima bila kula. Kifaranga aliyepigwa na baridi usiku wa kwanza haendi kwenye chakula wala maji. Hujikunyata, hulia kwa sauti kali, kisha hunyamaza. Kiini hakitumiki inavyotakiwa, bakteria wanakishambulia, kitovu kinavimba na kunuka, na kifo kinakuja siku ya nne au ya tano. Kufikia hapo mfugaji ameshausahau ule usiku wa kwanza. Ananunua antibiotiki, analaumu maji, analaumu aliyemuuzia. Ndiyo maana nasema usiku wa kwanza una uzito kuliko wiki mbili zinazofuata.

Fikiria pia safari yenyewe. Boksi likitoka Dar hupita joto la Mikumi na la bonde la Ruaha Mbuyuni, linapanda mlima Kitonga, na likifika Mafinga usiku linakutana na upepo wa kukata masikio. Vifaranga hao wanashuka wamechoka na wana kiu. Wakikuta bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, iliyowashwa nusu saa iliyopita, hewa inaweza kuwa na joto lakini maranda na sakafu chini yake bado ni baridi. Bruda iwashwe saa 24 kabla. Saruji ni nzito, hupokea joto polepole. Ingiza mkono ndani ya maranda mpaka uguse sakafu. Ukisikia ubaridi, hapajawa tayari. Na maji ya kwanza yawe ya vuguvugu. Maji ya bomba ya Njombe asubuhi ya Julai yanauma meno ya mtu mzima, sembuse kifaranga wa gramu 40.

Kimo kinabadilisha hesabu

Maelekezo mengi ya kulea vifaranga yanayozunguka kwenye simu yametungwa kwa ajili ya ukanda wa joto. Yanasema wiki mbili au tatu za kuwapa joto zinatosha, na Dar es Salaam kweli zinatosha. Lakini hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Iringa uko kwenye mita 1,600 hivi, Mbeya 1,700, Mafinga na Njombe karibu 1,900, na sehemu nyingi za Makete zinapita 2,000. Usiku wa Julai Njombe hushuka chini ya nyuzi 10 mara kwa mara, na mabondeni umande huganda. Tuseme nje ni nyuzi 7 na bruda inatakiwa iwe na 33: pengo ni nyuzi 26. Mfugaji wa Dar usiku huohuo anaziba pengo la nyuzi 13 tu. Kwa hiyo taa moja inayomtosha yeye haiwezi kukutosha wewe, hata kama idadi ya vifaranga ni ileile.

Kimo kinaleta na jambo la pili ambalo halisemwi vya kutosha. Kwenye mita 1,900 mgandamizo wa hewa umepungua kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Pwani, hivyo kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Kuku wa kienyeji au chotara anayekua polepole hulimudu hilo. Broila anapata shida, kwa sababu mwili wake unakua haraka kuliko moyo na mapafu yake. Baridi inamwongezea haja ya oksijeni, chumba kilichozibwa kinampunguzia ile iliyopo, moyo unasukuma damu kwa nguvu kupita uwezo wake, na mwishowe maji yanajaa tumboni. Wengi wameliona tumbo hilo: kuku wa wiki ya nne au ya tano, mzito, anahema, ukimbonyeza tumbo ni kama mfuko wa maji. Ugonjwa huu unajulikana katika nchi nyingi kuwa ni tatizo la sehemu za miinuko, na kinga yake inaanzia kwenye bruda. Kuziba chumba Njombe kuna gharama kubwa kuliko kuziba chumba Dar.

Mkaa uliokolea

Mkaa unapatikana kila mahali na joto lake ni zuri, hivyo wafugaji wengi wadogo wanautegemea. Hatari yake inafichwa na imani moja iliyoenea: kwamba ukiuwashia nje, ukangoja ukolee mpaka moshi uishe, ukiuingiza ndani uko salama. Moshi unakuwa umeisha kweli. Lakini mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa gesi ya kaboni monoksidi, na utaendelea kuitoa mpaka uzimike. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikivutwa hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata ikiwa kidogo kwenye hewa huchukua nafasi kubwa mwilini. Chumba kikikosa hewa, mkaa huungua vibaya na kuitoa kwa wingi zaidi. Hivyo yule anayeziba madirisha ili kuokoa mkaa ndiye anayeitengeneza kwa wingi.

Angalia dalili zake zinavyodanganya. Vifaranga wenye baridi hupiga kelele. Vifaranga wanaolewa gesi husinzia. Mfugaji anachungulia saa tano usiku, anakuta kimya, anaona wamelala vizuri, anafunga mlango. Asubuhi akimpasua mmoja wa waliokufa anakuta damu na mapafu vyekundu kuliko kawaida, wekundu mkali wa kupendeza macho. Wekundu huo ndio alama ya gesi.

Na gesi hiyo haichagui. Kuna wafugaji wanaolala chumba kimoja na vifaranga ili waamke kuchochea jiko. Najua kwa nini wanafanya hivyo: vifaranga mia moja ni fedha ya ada ya mtoto. Hata hivyo nasema, usilale humo. Watu wamekufa kwa jiko la mkaa kwenye vyumba vya kulala, na chumba cha bruda hakina tofauti yoyote. Ukiwa ndani ukaanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, miguu ikakosa nguvu, toka nje kwanza, halafu ndipo uwaze mengine.

Kama mkaa ndio uwezo wako kwa sasa, jiko likae juu ya matofali au sinia la mchanga, lizungushiwe bati ili kifaranga asilifikie, na sehemu ya juu ya ukuta chini ya paa iwe wazi pande mbili zinazotazamana usiku wote. Joto litapotea kiasi. Likubali hilo, ongeza mkaa, na upunguze ukubwa wa eneo unalolipasha.

Lakini nikiulizwa jiko gani linafaa kuliko yote kwa mtu wa Mufindi au Njombe asiye na umeme wa uhakika, nachagua pipa. Chukua pipa la chuma, lilaze kwenye usawa wa sakafu likiwa limepenya ukutani, mdomo wake uwe nje ya banda na mwili wake uwe ndani. Upande wa mwisho chomelea bomba linalotoka nje kupitia ukuta wa pili na kupanda juu ya paa. Kuni unazitia ukiwa nje. Moto unavuta hewa ya nje, moshi na gesi vinatoka nje, na kinachobaki ndani ni joto la chuma peke yake. Lizungushie matofali ya kuchoma kando na juu, yatapokea joto jioni na kulirudisha pole pole mpaka alfajiri. Wavu wa kuku uzuie vifaranga wasiguse chuma. Chunguza maungio mara kwa mara, kwa sababu pipa lililotoboka kwa kutu linakurudisha kwenye tatizo lilelile. Na kuni? Ukanda huu una mashine za mbao kila kona, na vipande vya misindano vinavyobaki huko ni nishati tosha.

Duara na nafasi ya kuchagua

Hata joto liwe safi vipi, likiwa sawa kila mahali ni tatizo. Kifaranga hawezi kukuambia anajisikiaje, lakini ana miguu. Mpe sehemu ya joto kali, sehemu ya wastani na sehemu ya ubaridi kiasi ndani ya bruda moja, naye atachagua mwenyewe. Mama kuku anafanya hivyohivyo: chini ya mbawa kuna moto, hatua moja nje kuna hewa, na watoto huingia na kutoka siku nzima.

Kwa vifaranga mia, zungusha hadibodi, bati laini au maboksi yaliyounganishwa, kimo cha sentimita 45 hadi 50, kipenyo cha mita moja na nusu hadi mbili. Liwe duara kwa sababu kwenye kona vifaranga hulundikana na kulaliana mpaka wa chini wanakosa pumzi. Chanzo cha joto kikae katikati au upande mmoja, chakula na maji viwe nje kidogo ya sehemu ya joto kali. Chini ya taa, sentimita 5 juu ya maranda, kipimajoto kisome nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza. Pembezoni mwa duara nyuzi 26 hadi 28 hazina ubaya. Kila wiki punguza nyuzi 3 hivi. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani usawa wa kichwa chako kinapima joto lako wewe, maana hewa ya moto hupanda.

Baada ya hapo, waangalie. Wakirundikana chini ya taa wakilia, wana baridi. Wakikimbilia pembezoni, midomo wazi na mbawa zimeachana na mwili, wamezidiwa na joto. Wakibanana wote upande mmoja, kuna upepo unaingia kutoka upande wa pili. Wakitawanyika, hawa wanakula, hawa wamelala, sauti zao ni za kawaida, umefanikiwa. Jioni ya kwanza mshike mmoja, umwekee miguu yake shavuni mwako: miguu ya baridi ni kifaranga wa baridi, chochote kipimajoto kisome. Kisha gusa kifuko cha chakula chini ya shingo yake. Kikiwa kimejaa na laini, amekula na kunywa. Kikiwa kigumu, amekula bila maji. Kikiwa kitupu baada ya saa 24, na wenzake wengi wako hivyo, rudi kwenye joto kabla ya kwenda duka la dawa.

Kuna kosa la mchana pia. Julai hiyohiyo, saa nane mchana, jua la Iringa likiwa limepiga bati, banda linaweza kuwa moto kweli, na taa iliyowekwa kwa ajili ya saa kumi alfajiri bado iko palepale. Vifaranga wanapoteza maji mchana na kuganda usiku. Pandisha taa asubuhi, ishushe jioni.

Banda lenyewe nalo lina sehemu yake. Mabanda mengi ya Mafinga na Njombe yamejengwa kwa mabanzi, na upepo unapenya kwenye nafasi zake usawa uleule wa vifaranga. Ziba mita moja ya chini kwa magunia au maboksi kuzunguka pande zote. Juu yake acha wazi, au weka pazia linaloshushwa kutoka juu. Hewa chafu na unyevu hutoka juu, upepo hauwapigi walio chini. Kama duara linapashwa kwa pipa lililo pembeni, kipande cha turubai kinaweza kufunika nusu ya duara ili joto lisipande lote. Karibu na taa au jiko, turubai ni moto unaosubiri.

Umeme, taa na Luku

Taa za infraredi za wati 250 ndizo zinazouzwa zaidi. Moja inaweza kutosha vifaranga mia kwenye ukanda wa joto. Kwa baridi yetu weka mbili kwa mia, na faida yake nyingine ni kwamba moja ikiungua usiku hawabaki gizani na kwenye baridi. Hesabu ya Luku haina ugumu: wati 250 kwa saa 24 ni yuniti 6 kwa siku kwa kila taa. Taa za LED, hata ziwe na mwanga mkali namna gani, hazitoi joto la kulea kifaranga. Chagua taa ya infraredi yenye mwanga mwekundu, vifaranga hulala vizuri zaidi na hawadonoani sana.

Taa hizi zinawasha maranda zikianguka. Zitundike kwa mnyororo au waya wa chuma, kamwe isiwe kwa waya wake wa umeme, kwenye kimo cha sentimita 45 hadi 60. Holda iwe ya kauri, ile ya plastiki huyeyuka. Taa nne ni wati 1,000, na ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu itachemka zikiwa zinawaka usiku kucha. Kinyweshea kikae mbali, kwa sababu tone la maji ya baridi hupasua kioo cha moto. Ukimudu kifaa cha kujizima chenyewe joto likifika kiwango, kinunue, na kichwa chake cha kupimia ukifunge imara usawa wa vifaranga. Kikichomoka na kulala nje ya duara kitasoma baridi, taa hazitazimika, na vifaranga wataiva.

Umeme ukikatika, madumu ya lita tano yenye maji ya moto, yamefungwa vizuri na kuvikwa gunia, yawekwe ndani ya duara. Vifaranga wenyewe watayaegemea, nayo hushikilia joto kwa saa kadhaa.

Maranda kwetu ni mengi na bei yake ni nafuu, lakini yachague. Yale yaliyolowa mvua kwenye rundo la mashine ya mbao huwa na ukungu, na vijidudu vyake humwingia kifaranga kwenye mapafu. Atahema kama mwenye mafua na hakuna antibiotiki itakayomsaidia. Ya mbao au nguzo zilizotiwa dawa usiyaguse. Unga laini wa msumeno nao haufai, wanaula. Tandaza maranda makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, na sehemu iliyolowa itolewe siku hiyohiyo, kwa sababu kinyesi na unyevu hutoa amonia. Chuchumaa mpaka uso wako uwe usawa wa vifaranga, vuta pumzi. Macho yakiwasha, wao wamekuwa humo usiku kucha.

Kuwaachisha joto kufanyike mchana kwanza. Kuanzia wiki ya tatu zima saa za jua, washa jioni. Usiku endelea mpaka mgongo na kifua vimefunikwa na manyoya ya kweli, jambo ambalo kwa Julai ya Makete linaweza kukupeleka wiki ya tano au ya sita. Kama una uhuru wa kupanga, agiza chotara mwanzoni mwa Septemba. Baridi inakuwa imelegea, utatumia kuni au yuniti chache, na kuku watafikia umri wa kuuzwa kwenye Krismasi. Vifaranga wa Juni waache kwa yule ambaye pipa lake limeshajengwa.